Udongo Huu Una Dawa

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina sharti moja. Nikisema "Dawa!" ninyi mnaniuliza "Ya nani?" Tujaribu.

Dawa!

Ya nani?

Hapo hapo. Lau siku ile ya kwanza tungeuliza hivyo, leo nisingekuwa na karatasi hii mkononi wala kichwa hiki kinachogonga. Nawaambia mapema kabisa: mimi msimulizi wenu simjui mshindi. Leo asubuhi nikiosha vyombo, kwenye vikombe nilimpa huyu, nilipofika kwenye masufuria nikampa yule. Kwa hiyo sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki jibu la kunifurahisha.

Mtaani kwetu Nguzoni wapo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Mzee Ambilikile, na kipaji chake kiko miguuni. Mahali alipowahi kutembea, anaweza kupatembea tena baada ya miaka ishirini bila kukosea hatua moja. Ukimwuliza duka liko wapi, hasemi "hapo mbele" kama sisi. Anasema, "Hatua mia mbili na kumi. Zangu, siyo zako."

Wa pili ni Tusekile, na kipaji chake kiko ulimini. Yeye huuza udongo wa kula, ule ambao wajawazito wakiutamani hawasikii la mtu. Akiweka chembe tu mdomoni anakuambia umechimbwa kilima kipi na kama mvua ilikuwa imeshaanza.

Wa tatu ni Lugano, na kipaji chake kiko mkononi. Mabango yote ya mtaa ni yake: saluni, makanisa, fundi viatu. Alipochora ng'ombe kwenye bucha la kona, mbwa wawili walihamia chini ya ukuta ule na hadi leo hawajaondoka.

Miguu, ulimi, mkono. Msisahau.

Sasa, mtaa wetu unaitwa Nguzoni kwa sababu palikuwa na kiwanda cha kutia dawa nguzo za umeme. Magogo yaliletwa kutoka msituni, yanaingizwa kwenye pipa kubwa la chuma, yanasukumiwa maji ya kijani hadi yanakolea, yakitoka hapo mchwa hawayagusi tena. Maji yale yalikuwa na jina la kitaalamu refu, lakini kuanzia meneja hadi mfagiaji walisema tu "dawa". Dawa imeisha. Dawa imemwagika. Kazimwagie dawa nguzo za chini. Kiwanda kikafungwa, mwenyewe akaondoka, likabaki bomba la moshi na uwanja mpana uliojaa majani katikati ya mji.

Miaka kumi na tano baadaye manispaa ikasema pale patajengwa soko na nyumba. Tukapiga vigelegele. Wakaja wataalamu, wakatoboa vishimo kumi, wakachukua udongo kwenye vimfuko kwenda kuupima maabara. Kabla ya kuondoka, mkubwa wao akampigia simu Lugano.

"Tuwekee bango pale. Andika kwamba udongo ule una dawa, watu wasiuguse mpaka majibu yatoke."

"Limekwisha hilo," akasema Lugano.

Na kweli lilikwisha, jioni hiyo hiyo. Bango zuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Juu, kwa herufi kubwa nyekundu: UDONGO HUU UNA DAWA. Chini, kwa herufi ndogo: Usiguswe. Na kwa kuwa Lugano haachi kona tupu, pembeni akachora jani la kijani lenye tone la umande, kama anavyochora kila anapoona neno dawa.

Mvua ikanyesha wiki mbili. Majani yakapanda, yakafunika "Usiguswe".

Mnacheka? Chekeni. Mimi nilikuwa mtu wa nne kwenye foleni, na beseni langu.

Watu walitoka hadi mitaa ya ng'ambo. Wa mgongo, wa tumbo, wa vidonda. Na wajawazito ndio usiseme, maana udongo walikuwa wanaula tayari, seuze wenye dawa! Wakamwendea Tusekile: "Dada, una ule wa kiwandani?" Tusekile wiki ile alikuwa na mafua makali, hasikii harufu wala ladha. Wateja wanamlilia. Akachota, akafinyanga, akakausha, akauza bila kuonja. Mara moja tu katika maisha yake aliuza asichokionja, na ni mara hiyo.

Mmoja wa walionunua ni binti yangu Subilaga. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano.

Naomba maji.

Haya. Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Mafua yalipomtoka Tusekile, akaweka chembe ya udongo ule ulimini. Akatema. Akasukutua. Akatema tena. "Huu siyo udongo," akasema, "hizi ni betri." Hakwenda kwa mwenyekiti, hakwenda popote kushitaki. Akachukua kiroba, akapita nyumba kwa nyumba kwa wote aliowauzia, na waliojichotea pia, akigonga milango, akiingiza mkono kwenye makopo ya watu. Wengine walimtukana. Kwetu alifika na kumkuta Subilaga amejikunja sakafuni anatapika, mimi nimempa nini? Nimemkorogea udongo zaidi kwenye kikombe! Ndiyo, mimi mama yake, kwa kijiko. Tusekile akakipiga kile kikombe kikaruka hadi uani.

"Mama Subi, unamwua mwanao!"

Akambeba mgongoni hadi zahanati, akakaa hapo hadi muuguzi aliposema moyo wa mtoto unasikika. Bila ulimi wa Tusekile, nisingekuwa na binti wala mjukuu.

Lakini Tusekile alikusanya viroba vya jana, na watu walikuwa wanachota vya kesho. Manispaa ilituma gari la matangazo likisema ule udongo ni sumu. Watu wakasema, aha, wameona unatibu sasa wanatutisha ili wakauuze wao. Askari mgambo wakawekwa, watu wakapitia nyuma. Ndipo Lugano akaja na ngazi. Akalipaka bango lake lote chokaa, jani na umande vikapotea, akachora mchwa mmoja mkubwa kama ng'ombe, amelala chali, miguu yote juu. Chini yake akaandika:

DAWA HII NI YA MCHWA. WEWE NI MCHWA?

Jamani. Kilichowashinda askari kilimalizwa na mchwa yule. Wazee waliofanya kazi kiwandani walikuja wakasimama mbele ya bango, wakakumbuka dawa ile ilikuwa ya nini, wakaanza kuwaeleza wajukuu. Mtu akionekana na beseni anaitwa "mchwa" hadi sokoni. Mimi mwenyewe niliitwa. Baada ya siku tatu hakukuwa na mguu ulioingia uwanjani. Bila mkono wa Lugano, tungeumaliza udongo ule kwa kuula.

Majibu ya maabara yakatoka. Wataalamu wakasema ubaya uko kwenye udongo wa juu karibu na geti. Utakwanguliwa, kisha ujenzi uanze. Walikuwa wameshafunga mafaili yao wakati Mzee Ambilikile aliponyoosha mkono.

"Shimo je?"

"Shimo gani, mzee wetu?"

Mzee akainuka. Akaenda hadi kwenye bomba la moshi, akaligeuzia mgongo, akaanza kutembea. Hatua arobaini na tatu. Akageuka upande wa kisima cha mtaa. Hatua kumi na moja. Akasimama. "Hapa," akasema. Wakachimba hapo alipokuwa amesimama, na kwenye urefu wa mtu mmoja likatoka tope la kijani, linang'aa kama limemwagwa jana. Vishimo vyao kumi vyote vilikuwa vimelipita pembeni. Kiangazi kizima malori yalikuwa yakibeba tope lile kulipeleka lilikotengewa, na udongo safi ukaletwa kujaza. Bila miguu ya Mzee Ambilikile, soko lingejengwa juu ya shimo, na sote tungeendelea kunywa maji ya kisima kile.

Leo soko limesimama. Nyumba zimepigwa rangi. Na manispaa imetenga kiwanja kimoja cha kona, karibu na soko, kwa mkazi mmoja "aliyeiponya ardhi hii". Hati moja, jina moja, hakigawanywi. Mzee Ambilikile anakaa chumba cha kupanga kinachovuja, anataka afie kwake. Tusekile anataka mahali pa kuuzia kitu kingine, chochote, maana udongo hauuzi tena. Lugano anachorea chini ya ngazi za ghorofa la watu. Kila mmoja anakihitaji, na hakuna aliyejifanya hakitaki.

Kamati ya kumchagua ni ya watu wanne, nami nimo. Tulipokaa, watatu wa kwanza wakagawanyika, kila mmoja na mtu wake. Wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Mwenyekiti, mimi ni mama wa mgonjwa. Sifai."

"Ndiyo maana umewekwa," akasema mwenyekiti.

Nikawaita wote watatu wajieleze. Mnaelewa nilichotegemea: kila mtu ajisifu, nimchague anayejisifu kidogo. Subilaga alikuwa amekaa kwenye kona, anamnyonyesha mtoto.

Tusekile akaanza. "Mimi ndiye niliyewatoa udongo mdomoni." Kisha akamtazama binti yangu. "Na mimi ndiye niliyeutia. Mafua siyo sababu. Ningeweza kusubiri."

Lugano akasema, "Mimi ndiye niliyewafukuza pale kwa mchwa." Akajikuna shingo. "Na mimi ndiye niliyewaita kwa jani. Hakuna aliyeniambia nichore jani."

Mzee Ambilikile akaitazama miguu yake. "Mnaisifu miguu yangu," akasema. "Mnadhani ilijuaje njia? Miaka tisa nilibeba ndoo ya tope kutoka kwenye pipa hadi shimoni. Nikaambiwa mwaga, nikamwaga. Kisha miaka kumi na tano nikanyamaza. Hata Subilaga alipougua, nilikuwa bado nanyamaza."

"Kwa nini, mzee?" Subilaga akauliza.

"Nilikuwa nasubiri waniulize, mwanangu."

Basi nikachanganyikiwa kabisa. Nimewapenda na kuwakasirikia wote watatu kwa kipimo kile kile. Nikimtazama Tusekile naona mgongo uliombeba binti yangu, halafu naona mkono uliomwuzia. Nikamgeukia Subilaga, maana aliyeumia ni yeye.

"Sema wewe. Nimwandike nani?"

Akamweka mtoto begani, akampigapiga mgongoni. "Na wewe mama, uliyenikorogea kwa kijiko, umeandikwa wapi?"

Nikaikunja karatasi. Ninyi mngemjibuje?

Jana nikaenda kukiona hicho kiwanja chenyewe, labda kingenisaidia. Wote watatu nikawakuta hapo. Inaonekana kila mmoja alikuwa na wazo hilo hilo. Kizuri, kona, udongo mwekundu laini. Mzee Ambilikile akaamkiwa, akaitikia marahaba, kisha nikaona anatazama bomba la moshi. Akaenda akaligeuzia mgongo. Akaanza kutembea. Arobaini na tatu. Akageuka. Kumi na moja.

Akasimama katikati ya kiwanja.

Tukaelewa. Zawadi iko juu ya shimo. Niliwapigia simu wataalamu papo hapo, wakaapa kwamba hapo ndipo palipochimbwa kuliko kote, wamepima mara tano, hakuna udongo safi kama huo mji mzima. Tusekile akainama, akaokota chembe, akaipeleka mdomoni. Lugano akamdaka mkono.

"Acha, dada."

"Niache nijue!"

"Na ikiwa una mafua?"

Tukabaki tumesimama, watu wanne, hakuna anayecheka. Nikawauliza kama bado kuna anayekitaka. Mzee Ambilikile akasema, "Mimi nakitaka." Tusekile akasema, "Hata mimi." Lugano akasema, "Na mimi pia." Wote kwa sauti ile ile ya chini. Sikuweza kujua kama walikuwa wanaomba kulipwa au wanaomba kulipa.

Karatasi ni hii hapa. Ina mstari mmoja. Mwenyekiti anaitaka kesho kabla ya adhuhuri, na nisipoandika, kiwanja kinarudi manispaa na hakuna apataye. Kuna miguu iliyolionyesha shimo baada ya kulijaza. Kuna ulimi uliowaokoa wajawazito baada ya kunyamaza siku uliyotakiwa kuonja. Kuna mkono uliotuzuia baada ya kutukaribisha. Nami sijui tena kama ninaandika jina la mtu wa kupewa zawadi au la mtu wa kupewa adhabu.

Dawa!

Nasema: dawa!

Ahaa, safari hii hakuna anayeniuliza ya nani. Basi nawauliza mimi, na kalamu hii hapa, ishike. Wewe ungemwandika nani?