Askari wa Udongo wa Bi Qiao

Sogeeni, jamaa, mnitegee masikio. Katika Uchina ya kale palikuwa na mfinyanzi mjane, Bi Qiao, aliyefinyanga askari wa udongo wa kulinda kaburi la mfalme. Mmoja alimpa sura ya mwanawe aliyefia vitani.

Mfalme alipozikwa, walinzi wakaanza kuteremsha mlango wa jiwe huku mafundi wamo ndani, wasije wakatoa siri. Bi Qiao akamwita mwanawe; kimya. Akamwita tena, kimya. Mara ya tatu askari yule akafumbua macho, akaudaka mlango kwa mabega. Walinzi wakatimua mbio.

“Piteni!”

Mafundi wakapita. Bi Qiao akamshika mkono. “Twende, mwanangu.”

“Nikiuachia utakuangukia. Pita, mama.”

Akapita akilia. Nyuma yake mlango ukashuka polepole, bila kishindo.

Ngano yangu imefika, nami nanyamaza.