Picha ya Ukuta Mtupu

Ndugu zangu, sogezeni masikio. Leo nina neno na wale wanaoambiwa kila siku wapishe njia.

Kulikuwa na dada mmoja mpiga picha, katika mji wenye bandari ya ziwani. Mchana alipiga za pasipoti na za harusi, lakini roho yake ilikuwa kwenye mashua usiku, kwa mwanga wa taa za gati peke yake. Kazi hiyo ilimtoa jasho! Mwanzoni aliisimamisha kamera kwenye gati la mbao. Kila mchukuzi akipita mbao zinatikisika, na picha inatoka na ukungu. Akahamia kwenye mawe, akauning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi ili isiyumbe, akajifunza kuiacha kamera ikitazama nusu dakika nzima bila kuigusa. Ndipo mashua zikaanza kutokea vizuri.

Mwenyekiti wa wenye mashua akasikia sifa zake, akamwita. Pale gatini palikuwa na ukuta mpana wa mawe ambapo akina mama walianika dagaa, na yeye aliutaka ajenge ghala lake.

"Nipigie huu ukuta usiku, wamekwenda kulala," akamwambia. "Baraza la mji likiuona mtupu, litajua hauna mwenyewe."

Dada yule hakupenda, lakini akakubali. Nani kati yetu hajawahi kukubali jambo namna hiyo?

Walipofika usiku huo, walimkuta mama mmoja amekaa juu ya ukuta, kajifunga khanga, mikono mapajani. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mama, shuka. Unaharibu picha," mwenyekiti akasema.

"Mwenyekiti, naanika hapa mwaka wa kumi na saba. Nikishuka leo, kesho utaniruhusu kupanda?"

"Ukuta si wako."

"Wala si wako, baba. Piga picha yako. Mimi sishuki."

Mwenyekiti akacheka. "Dada, wewe piga tu. Mimi nitamziba." Akaenda akasimama mbele ya mama na koti lake jeusi, na dada akaifungua kamera.

Lakini jamani, mkubwa yule ni mtu wa kutulia? Simu ikaita. Akaipokea, akaenda kushoto, akarudi kulia, akifoka na kurusha mkono. Mama hata mbu hakumfukuza. Kamera ikaendelea kutazama mpaka muda ukatimia.

Mwenyekiti akainama kwenye kioo cha kamera. Mashua zipo. Ukuta upo. Mama yupo, mpaka maua ya khanga yake unayahesabu. Mwenyekiti hayupo! Kilichobaki ni uzi mwembamba wa mwanga wa simu yake.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Hukutulia, mwenyekiti. Ikitazama muda mrefu hivi, haimshiki mtu anayepitapita."

"Futa, upige nyingine."

Dada akamtazama mama pale ukutani, akaona aibu ya kazi aliyokuwa amekuja kuifanya. Akaivua kamera kwenye stendi, akaikumbatia.

"Sifuti. Na barazani naipeleka mwenyewe."

Sasa ni sisi, ndugu zangu. Ni mara ngapi tumeshuka? Mkubwa amekohoa tu, sisi tumeshakunja mikeka! Tunaona anapita mbele yetu na simu yake na koti lake, tunasema basi, ametuziba, Mungu hatuoni tena. Nani kakudanganya? Mungu hatazami kwa kupepesa. Anatazama muda mrefu, na huyo anayekurukia leo kushoto na kulia hawezi kukufunika Mungu asikuone. Kaa! Kaa kwenye haki yako, usitukane, usirushe jiwe, lakini usishuke.

Na wewe uliyepewa kamera, wewe karani, wewe shahidi, wewe mzee wa kanisa unayejua ukuta ule ni wa nani: kesho utaambiwa ufute. Nakuuliza mbele ya madhabahu hii, na usinijibu mimi. Utafuta?