Kete Iliyorudishwa Kikombeni

Kwaya, kaeni. Na ninyi wazee wa benchi la nyuma, mnaokaa karibu na mlango ili amina ya mwisho iwakute mko nje, leo nivumilieni. Nina kisa nimekitunga mwenyewe, hakikutokea popote, ila tangu nilipokimaliza mwili hauachi kunisisimka. Afadhali tusisimke wote.

Tuseme palikuwa na kiwanda. Hakikuwa cha sabuni wala cha nondo. Kilitengeneza vitu vya kuwekwa ndani ya watu. Mmesikia vizuri, ndani ya watu. Mtu mshipa wake wa moyo ukiziba, daktari anapitisha kijibomba kidogo cha plastiki mpaka pale palipoziba, anakitanua, damu inapita. Wenyewe wanakiita stenti. Urefu wake ni kama ukucha wa kidole gumba, na mwili wake wote umetobolewatobolewa kama wavu. Plastiki yenyewe si ya ndoo hizi za kwetu. Inaushikilia mshipa mpaka upone, kisha polepole inayeyukia mwilini na kuisha.

Sasa fikirini. Kiatu kikikubana unavua. Jino la bandia likilegea unalitoa, unaliweka kwenye glasi. Kijibomba kilichomo moyoni utakitoaje? Kikiwekwa kimewekwa. Kwa hiyo watu wa kiwanda kile walifanya kazi kwa hofu. Chumba chao kilikuwa kisafi kuliko madhabahu hii, na akina mama wa usafi msininunie. Waliingia wamefunika nywele, mdomo na viatu, usingemtambua hata mkeo.

Walikuwa na shida moja, na hii naomba muishike. Kijibomba kile huwezi kukipima halafu ukamwekea mtu. Ili ujue kina nguvu inabidi ukitie mashineni, ukiminye na kukitanua mpaka kivunjike. Ni kama njiti ya kiberiti: ukitaka kuhakikisha inawaka, unaiwasha, na ukishaiwasha umeimaliza. Kwa hiyo walipima vichache kwa niaba ya vingine. Kila fungu lilipokamilika lilipangwa kwenye sinia lenye vishimo, kila kishimo na namba yake. Pembeni palikuwa na kikombe chenye kete, kila kete na namba. Mtu anaingiza mkono bila kutazama, anatoa kete, na kijibomba chenye namba ile kinakwenda mashineni kufa kwa ajili ya wenzake. Vilivyopigiwa kura vikifaulu, fungu zima linakwenda hospitali. Hata kimoja kikishindwa, fungu zima linatupwa.

Mwenye kazi ya kuingiza mkono kikombeni alikuwa mama mmoja. Mama safi, nawaambia. Hakuiba, hakuchelewa, hakusengenya. Yeye ndiye aliyelikagua fungu kwa hadubini kabla ya kura, na jicho lake lilikuwa kali. Kilichopasuka alikitoa. Lakini vilikuwapo vile vya katikati: kijibomba kizima, ila kwenye kona moja pana weupe kidogo, kama plastiki uliyoikunja ikachoka. Weupe ule ungeweza kuwa si kitu. Ungeweza pia kuwa ndipo kitakapokatikia. Utaratibu wa kiwanda ulikuwa kwamba hivyo viachwe kwenye sinia, kura ndiyo itakayosema.

Siku moja kura ikasema. Kijibomba kilikatika mashineni, fungu zima likamwagwa kwenye pipa, na msichana aliyekuwa ameinamia mashine ya kukatia vijibomba siku zote zile akalia mpaka barakoa ikalowa. Wenzake wakamtazama yule mama kana kwamba yeye ndiye aliyekivunja. "Dada, mkono wako leo una mkosi," mmoja akamwambia, nusu utani, na ile nusu nyingine mnaijua.

Lilimuuma neno lile. Fungu lililofuata akaingiza mkono, akatoa kete, akatazama sinia. Namba imeangukia kijibomba chenye weupe. Akaangalia huku, akaangalia kule, hakuna anayemtazama. Akairudisha kete kikombeni, akatikisa, akatoa nyingine. Hii ikaangukia kizuri, kinang'aa. Kikapimwa, kikafaulu, na chumba kizima kikapiga vigelegele ndani ya barakoa.

Ndugu zangu, hapo uongo uko wapi? Alisema kimefaulu, na kweli kilifaulu. Mashine hakuichezea. Alichofanya ni kurudisha kete tu. Kesho akarudisha tena, na baada ya muda mkono ukawa unarudisha wenyewe. Mafungu yakawa yanapita, hakuna tena anayelia, wakampa na jina: Mkono wa Heri. Akiwa likizo walimsubiri arudi ndipo kura ipigwe. Na yeye, tusifichane, jina lile alilipenda.

Hebu mmoja wenu aniambie ni nini kilichokuwa kinatendeka mle ndani. Mbona kimya? Basi nitasema mwenyewe. Vizuri vilikuwa vinavunjwa mashineni. Vya wasiwasi vilikuwa vinakwenda kwa watu.

Mama huyu alikuwa na kaka yake, fundi wa kupaua nyumba, mtu wa vicheko, ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Kaka akawa akipanda ngazi kidogo tu, anashika kifua. Hospitali wakamwambia mshipa umeziba, tutakuwekea kijibomba. Asubuhi ya siku yenyewe dada mtu akaenda kumwona, na alipofika wodini akakuta kaka ameshawatangazia watu wote.

"Huyo hapo!" kaka akapaza sauti. "Mdogo wangu. Hivyo vijibomba mnavyowekewa humu anavipitisha yeye. Kiwandani wanamwita Mkono wa Heri."

Kwenye kitanda cha jirani palikuwa na mzee aliyekwisha kuwekewa chake, anasubiri tu daktari amruhusu arudi kwake. Akajiinua kwa kiwiko. "Kumbe ni wewe, mwanangu? Mungu akuzidishie. Nilikuwa siwezi kwenda hata msalani bila kushikwa. Leo nimetembea mwenyewe mpaka pale dirishani."

"Shikamoo, baba. Amina, tunashukuru," mama akajibu. Uso wake ulijaa furaha, na kwa nini usijae?

Daktari naye alipopata habari ile akaona amfurahishe mgonjwa wake. Akaja na kisanduku mkononi. "Mama, nimesema nikuonyeshe kabla hatujaingia ndani. Hiki ndicho cha kaka yako. Kimetoka kwenu."

Mama akakipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza asome namba ya fungu. Akaisoma, akairudia. Fungu lile alilikumbuka. Lilikuwa fungu baya kuliko yote, weupe safu kwa safu, mpaka mkono wake ulichoka kurudisha kete. Siku ile alijiambia ni weupe tu, hakuna neno. Sasa akaketi kitandani kwa kaka yake bila kukaribishwa.

"Daktari," akasema, "hiki usikiweke."

"Kwa nini? Muda wake umepita?"

"Haujapita."

"Kimefunguliwa?"

"Hapana."

"Sasa? Si fungu lake limepimwa?"

"Vilivyopimwa nilivichagua, daktari. Tulitakiwa kupiga kura bila kutazama. Mimi nilikuwa natazama. Kete ikiangukia kizuri nakipeleka kupimwa. Ikiangukia chenye wasiwasi nairudisha kikombeni."

Kaka alikuwa bado na tabasamu usoni, amelisahau hapo. "Mdogo wangu," akasema, "mbona sikuelewi?"

Daktari alikichukua kile kisanduku mkononi mwa yule mama taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Kaka yako nitamwekea cha chuma, vipo," akasema. Kisha akaisoma ile namba ya fungu. "Lakini mama, fungu hili tuliletewa boksi zima. Hiki ndicho cha mwisho."

Cha mwisho! Vile vingine viko wapi? Vimo vifuani mwa watu. Mmoja yuko shambani, mwingine yuko dukani kwake anapima sukari, mwingine labda amekaa kanisani kama ninyi mlivyokaa, na wote wanamshukuru Mungu kwamba wamepona.

Hapo ndipo mama alipomsikia mzee wa kitanda cha jirani. Mzee hakupiga kelele. Alikuwa ameweka kiganja kifuani na anaogopa hata kuvuta pumzi.

"Mwanangu," akasema. "Na changu?"

Jamani! Angemjibu nini? Njia ya kujua ilikuwa moja tu, kukitia mashineni na kukivunja, na kimo ndani ya moyo wa mzee wa watu. Aliyekuwa na nafasi ya kujua ni yeye, kwenye kile kikombe, na nafasi ile aliirudisha kwa vidole vyake mwenyewe.

Kisa changu kinaishia hapo. Msinifuate nje kuniuliza kama mzee alipona. Nimekaa na kalamu nikitafuta la kumjibu, sikulipata.

Naona vichwa vinatikisika. Mnasema, mwanamke gani yule! Msiharakishe, maana na sisi tuna kikombe chetu. Tukiitwa mbele kutoa ushuhuda tunaingiza mkono kwenye wiki yetu, tunatoa siku. Tukikuta tumeshika Jumatano, ile tuliyomfokea mtoto kwa kumwaga uji mpaka akajikojolea, tunafanyaje? Tunairudisha. Tunatikisa kidogo, tunatoa Jumapili. Eh, Jumapili inang'aa! Tai imenyooka, kitenge ni kipya, besi inanguruma mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Na si uongo, Jumapili yetu ni nzuri kweli. Kanisa linaipima, inafaulu, tunapewa majina. Mzee wa kanisa. Mama wa maombi. Nguzo ya kwaya. Na sisi tunaosimama huku mimbarini msituruke, maana sisi ndio mafundi wa kutikisa kikombe.

Lakini Jumapili tunaitumia hapahapa na inaishia hapa. Je, nyumbani tunapeleka nini? Nyumbani tunapeleka vile vilivyobaki kwenye sinia. Mkeo anaishi na Jumatatu yako, baba. Mumeo anaishi na Alhamisi yako, mama. Mtoto wako haji kukupima. Amekupokea mzima mzima, amekuweka ndani yake, na hana pa kukurudisha. Pale ulipo na weupe, siku moja patakatikia ndani yake. Hilo halikushtui? Mimi limenishtua.

Na kuna jambo lililonishtua zaidi ya hilo. Mama yule alipouona weupe kwenye hadubini hakushtuka. Alishtuka alipoisoma namba ya fungu kwenye kisanduku cha kaka yake. Kijibomba ni kilekile! Kilichokuwa kinafaa kifua cha mzee wa watu, mbona kilipofika kwa kaka kikawa hakifai? Maana yake siku zote alijua. Sisi nasi tunajua. Hatumdanganyi Mungu kwa kukosa kujua. Tunajua, ila tunasubiri ifike kwa mtu wetu ndipo tupige kelele, na ikifika kwa mtu wetu tunaambiwa hiki ndicho cha mwisho.

Basi tusimame. Leo sitaita mtu mbele kushuhudia, watani wangu wa benchi la nyuma mnaweza kupumua. Fumbeni macho. Kila mtu aingize mkono kwenye wiki iliyopita, bila kutazama, atoe siku moja, yoyote itakayokuja, aishike mbele za Mungu kama ilivyo.

Naona wengine mabega yameshuka. Umeigusa ile. Unataka kutikisa kikombe, utoe nyingine.

Hiyohiyo. Usiirudishe.