Nguchiro na Wapiga Debe wa Kiboko

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati Kiboko alikuwa na kiwanda cha sabuni na Mamba hajaijua aibu, lilitokea jambo ambalo wanyama wanalicheka mpaka leo. Sogeeni niwasimulie. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, njoo ukae hapa karibu nikuone.

Palikuwa na mto, na ukingoni mwa mto palikuwa na matete marefu, mazito, yaliyosongamana. Jua lilipokuwa kali, wanyama waliingia humo kupiga soga. Kila mmoja alijichimbia pake, akasema lake, wenzake wakamjibu. Sura huzioni, unasikia sauti tu. Na hakuna aliyekuuliza jina lako la nyumbani. Ulijiita upendavyo: Mpenda Karanga, Mkia Mrefu, Baba Hasira.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake! Mle ndani hata Panya aliweza kumwambia Simba kwamba jana alikoroma mno, na Simba asijue amkasirikie nani.

Sasa, karibu na mto, ndani ya kichuguu chenye milango sita, aliishi Nguchiro. Mwili mdogo, miguu myepesi, macho hayatulii. Asubuhi moja alikuwa anasonga ugali, mara akasikia mlango wa nne unagongwa, ko ko ko ko ko!

"Shangazi! Shangazi wee! Nimekwisha!"

Alikuwa mpwa wake, Mize, bibi harusi mtarajiwa. Zilibaki siku nane tu aolewe. Kajifunika kanga kuanzia puani hadi mkiani.

"Umekwisha nini, mwanangu? Hebu toa hiyo kanga."

"Sitoi!"

"Toa, nimesema."

Mize akaitoa. Nguchiro akaachia mwiko, ukaangukia sufuriani, chubwi! Mtoto wa watu alikuwa kipara. Mgongo mtupu, tumbo tupu, mkia kama kamba ya kufungia kuni. Yalikuwa yamebaki manyoya matatu, na yote yako sikio la kushoto.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Sabuni, shangazi. Manyoya Mororo, ile ya kiwanda cha Kiboko. Nilijisugua, kwacha kwacha, nikajimwagia maji, na manyoya yote yakaenda na maji." Mize akaanza kulia. "Na mateteni waliisifu! Mama Mapacha aliisifu. Bibi Mpole aliisifu. Mzee wa Busara naye akasema ni nzuri. Watu wazima watatu!"

"Katika hao watatu, ulimwona yupi?"

"Lakini shangazi, nani anaonekana mateteni?"

Nguchiro akainuka. Alimfunika mpwa wake ile kanga, akampakulia ugali, kisha akatoka mbio, piripiripiri, mpaka mateteni.

"Jamani!" akaita. "Sabuni ya Manyoya Mororo imemnyonyoa mpwa wangu. Msiiguse!"

Kabla hajavuta pumzi, sauti ya kwanza ikajibu, nyembamba, ya kubana. "Aaa! Mimi Mama Mapacha ninaoga nayo kila siku. Manyoya yangu yanateleza kama hariri!"

Sauti ya pili ikafuata, tamu kupita kiasi. "Mimi Bibi Mpole nimeitumia tangu usichana, wajukuu zangu. Huyo mpwa hakusuuza vizuri."

Ya tatu ilikuwa nzito, ya mtu asiyetaka kusema. "Mzee wa Busara hapa. Ni... ni nzuri. Basi."

Nguchiro akakuna kidevu. Yeye manyoya anayajua, anayachana kila siku. Akaamua kuuliza kidogo.

"Dada Mama Mapacha, hongera kwa manyoya. Hebu nifundishe. Ukishaoga, unayachana kuelekea kichwani au kuelekea mkiani?"



"Mimi," ikasema ile sauti ya kubana, "nachana kuelekea kushoto."

"Kushoto!"

"Ndiyo. Asubuhi kushoto, jioni kulia."

"Na viroboto je?"

"Ninao wengi! Wote wasafi, wanang'aa!"

Wanyama wakacheka mpaka matete yakatikisika. Lakini Mkia Mrefu akasema, "Kila mtu na uchanaji wake, jamani. Watatu wanasifu, mmoja analalamika. Tumwamini nani?"

"Huyo anayelalamika ametumwa!" akadakia Bibi Mpole. "Bila shaka anauza sabuni yake mwenyewe. Wivu huo!"

"Mimi? Nimetumwa?" akasema Nguchiro.

Ndipo ikasikika sauti ndogo, ya upole wa kweli. Mle ndani alijiita Miguu Sindano, lakini Nguchiro aliitambua mara moja. Ilikuwa ya jirani yake Digidigi, aliyejifungua juzi.

"Basi mimi nimeshanunua mche mzima. Kesho nakuja nao hapa mtoni, namwogesha mwanangu. Bibi Mpole, unasema haina neno kwa mtoto mchanga?"

"Msugue sana, mwanangu! Msugue mpaka macho!"

Nguchiro akaruka juu. Mtoto wa siku tatu, ngozi laini kama utando wa maziwa! "Usithubutu, jirani!" akaita. Lakini zile sauti tatu zilipiga kelele kwa pamoja, na neno lake likazama humo humo.

Soga lilipokwisha, kila mmoja akatoka kwa njia yake. Nguchiro akabaki. Akaingia pale zilipotokea zile sauti, akachungulia chini kwenye matope.

Aliona nini, watoto? Nyayo! Na si nyayo za bibi mpole yeyote. Moja ilikuwa pana kama ungo. Nyingine ina vidole vitatu, imezama hadi goti la Nguchiro. Ya tatu ilikuwa na mburuzo wa mkia mgumu, wenye meno kama msumeno. Akazifuata, hatua kwa hatua, zikampeleka moja kwa moja hadi kiwandani kwa Kiboko.

Akapanda ukuta, akatega sikio dirishani.

Ndani alisimama Kiboko mwenyewe, tumbo limemtangulia. Mbele yake walikuwa wafanyakazi wake wawili: Mamba, mfunga sabuni, na Kifaru, mpika sabuni.

"Leo mmefanya vizuri," Kiboko alisema. "Mimi kwenye Bibi Mpole sijapata kutokea! Ila wewe Mamba, kuchana kushoto ndiyo nini?"

"Bosi, mimi nina magamba. Manyoya nitayajulia wapi?"

"Na wewe Kifaru, Mzee wa Busara gani anayesema 'basi'?"

Kifaru alikuwa ameinamisha pembe. "Bosi, mimi kazi yangu kupika. Nilikwambia pipa hili majivu yamezidi, linaunguza. Tulimwage."

"Kimya! Kesho mnarudi mateteni. Asiyesifu, hali!"

Papo hapo mpishi akagonga kipande cha chuma kilichoning'inia mlangoni, ngo! ngo! ngo! Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya chakula. Lo! Kifaru akageuka, Mamba akaruka, wakagongana mlangoni, wakakwama, wakachomoka, wakakimbilia sufuria la viazi kama nyumba inaungua. Mamba hata kofia yake aliikanyaga.

Nguchiro alitazama sufuria, akatazama kile chuma, akaziba mdomo kwa mikono miwili asicheke kwa sauti. Jioni akapita kwa jirani yake Digidigi kumwonya, lakini Digidigi akasema, "Watatu wanasifu, wewe ni mmoja."

Kesho yake jua lilipopanda, matete yalijaa. Digidigi alikuja na beseni, mche wa sabuni, na mtoto kamfunga mgongoni. Akajichimbia kando ya maji, akaanza kumfungua mtoto.

"Wenzangu," akasema, "namwanzia kichwani au miguuni?"

"Kichwani!" akapaza Mama Mapacha.

"Sugua, mwanangu, sugua!" akaimba Bibi Mpole.

Nguchiro hakuwa mateteni. Alikuwa kiwandani, kasimama juu ya ndoo iliyofunikwa, kashika nyundo inayomzidi urefu. Mpishi alikuwa nyuma anamenya viazi. Saa ya chakula ilikuwa bado sana.

Nguchiro akavuta pumzi, akainua nyundo.

Ngo! Ngo! Ngo! Ngo! Ngo!

Kule mateteni, wanyama wenye manyoya wakasikia kengele, na wala haikuwahusu. Mkia Mrefu akaendelea kula ndizi. Digidigi akachota maji.

Lakini Mama Mapacha akasema, "Viazi!" Na sauti haikuwa tena ya kubana.

Krakakraka! Matete yakalala upande huu. Akatoka Mamba, taya wazi, mate yanachuruzika.

Krakakrakakraka! Yakalala upande ule. Akatoka Mzee wa Busara, na pembe yake, na miguu yake ya vidole vitatu. Kifaru! Wakapita katikati ya baraza, vumbi pu! pu! pu!

"Hee!" Mkia Mrefu akaangusha ndizi. "Huyo si mpika sabuni?"

"Na yule si mfunga sabuni?"

"Manyoya yake ya hariri yako wapi?"

Hapo ndipo Kiboko alipojiharibia. Kumbukeni, yeye hakuwa na haja ya kukimbilia kengele, kiwanda ni chake. Angenyamaza tu, hakuna ambaye angemjua. Lakini Kiboko ni mchoyo, na mchoyo akisikia wengine wanakwenda kula kabla ya saa, hawezi kutulia. Akainuka ghafla, matete yamemkaa kichwani kama wigi, akanguruma kwa sauti yake mwenyewe.

"Nani kagonga? Saa bado! Rudini! Mamba, Kifaru, rudini hapa mara moja mmalizie kusifu sabuni yangu!"

Vichwa vyote vikageuka. 

Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto. Macho mia yalikuwa yanamtazama. Akabana koo, akasema kwa ile sauti tamu kupita kiasi, "Hamjambo, wajukuu zangu?"

Wee! Kicheko kilichoanguliwa hapo, ndege walihama. Mpenda Karanga alicheka mpaka akatumbukia mtoni. Mkia Mrefu alijifunga na mkia wake mwenyewe, ikabidi afunguliwe.

Aliyekuwa hacheki ni Digidigi. Alisimama kwa miguu yake myembamba, mtoto kifuani, mche wa sabuni mkononi.

"Nilikuuliza kuhusu mwanangu," alimwambia Kiboko. "Nilikuuliza, ukanijibu nisugue mpaka macho."

Kiboko akavimba. "Nitawakanyaga nyote!"

"Tukanyage," akasema Nguchiro, ambaye alikuwa ameshafika, anahema, nyundo bado iko begani. "Kisha sabuni yako utamuuzia nani? Mamba?"

Kiboko akajivuta nyuma, akaketi matopeni.

Kifaru alikuwa amerudi polepole. Viazi havikuwepo, na aibu ilikuwepo. Akapiga magoti, na si jambo dogo Kifaru kupiga magoti.

"Mama, utupe huo mche. Majivu yamezidi, mimi ndiye niliyeupika, najua. Na aliyenyonyoka, apakwe mafuta ya ufuta asubuhi na jioni. Manyoya yataota. Ningesema haya jana, lakini jana nilikuwa Mzee wa Busara."

Digidigi akautupa mche mbali kabisa na maji. Mize akapakwa mafuta. Siku ya nane ilipofika alikuwa na manyoya mafupi, laini, yaliyosimama kama ya kifaranga, na bwana harusi alipomwona aliuliza mtindo huo wa kisasa unatengenezwa wapi.

Baada ya harusi wanyama wakakutana. Baba Hasira akataka wafanyakazi wa kiwanda wafukuzwe kabisa mateteni. Nguchiro akakataa.

"Tukimfukuza Kifaru, nani atatuambia pipa lipi limezidi majivu? Na majina yetu ya kubuni yabaki vile vile, wadogo tuendelee kusema bila hofu. Ila anayekula kwenye kiwanda, afunge kitambaa chekundu kwenye tete refu juu ya kichwa chake. Akisema, tujue anasema akiwa wapi."

Wakakubaliana. Tangu siku hiyo, ukifika mateteni utaona vitambaa vyekundu vinapepea. Kitambaa cha Kifaru ndicho kinachotafutwa zaidi. Wanyama humzunguka na maswali: mche huu unafaa ngozi kavu? Huu je, tusubiri pipa jipya? Naye hujibu, na akisema "basi", wanamwamini.

Kiboko naye anacho chake, kikubwa kama shuka. Siku ya kwanza alikaa chini yake, akajikaza, akatangaza, "Sabuni yangu ni bora kuliko zote duniani!"

"Asante, bosi!" matete yote yakajibu. "Tumekuona!"

Basi jueni, watoto wangu: anayekusifia kitu, kwanza akuonyeshe anakula kwa nani.