Mbege Isiyo na Msesewa

Hapo zamani, zamani ile wanyama walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, mlimani aliishi Pimbi mmoja mjane, mpika mbege. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mkunde, kwa hiyo kila mtu alimwita Mama Mkunde.

Mbege mnaijua? Unachemsha ndizi mbivu, unaziacha zichachuke, unachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Lakini usipotia gome la msesewa, ule mti mchungu, umepika uji wa watoto, usinidanganye.

Sasa Mangi Nyati, mtawala wa nchi ile, alikata misesewa yote ajenge ua wake. Yote! Magome akayatia moto. Wakubwa wa namna hii hunichosha mimi. Haukupita muda mama yake akafa, na ni yeye huyohuyo aliyemwita Mama Mkunde.

"Utapika mbege ya matanga," alisema. "Nataka ile aliyoipenda mama, ya msesewa."

"Mangi, msesewa nitaupata wapi? Si yote iko kwenye ua wako?"

"Habari za ua sijakuuliza. Mkunde atabaki hapa akinichotea maji mpaka nionje. Nikiikataa pombe yako, ataendelea hivyo maisha yake yote."

Mtungi wa Nyati ulikuwa mkubwa kuliko mtoto mwenyewe. Mama Mkunde alirudi nyumbani analia njia nzima.

Akaanza kutafuta mti wa kushika nafasi ya msesewa. Akatia gome la mwarobaini, akamwita jirani yake Nungunungu aonje.

"Tfu! Shoga, hii ni dawa ya homa," alisema Nungunungu. "Na kesho itazidi kuwa chungu."

Wakaimwaga. Akatia mchaichai.

"Inanukia vizuri," alisema Nungunungu. "Lakini ulimi haujapata kitu."

Wakaimwaga nayo. Akatia shubiri. Nungunungu akanywa, akafumba macho.

"Mama Mkunde, umepata. Uchungu ndio huu hu..." Hakumaliza. Tumbo lilianza nguru, nguru, akatimka kwenda migombani, na huko alikaa mpaka jua likazama.

Mama Mkunde alibaki na mtungi mmoja tu wa mbege, tamu, haina uchungu wowote. Ndizi zilikuwa zimekwisha. Mchana ule alikuwa amemwona Mkunde kwa mbali, ameanguka chini ya mtungi, na hakuna aliyemwinua.

"Nungu, nimempoteza mtoto wangu," alimwambia jirani yake aliporudi.

Alijifuta machozi kwa mkono uliokuwa bado na utomvu wa shubiri, na uchungu ukamshika midomoni. Akanywa mbege ile tamu auondoe. Akatulia. Ladha ilikuwa ya msesewa kabisa. Akanywa tena. Sasa ilikuwa tamu tupu, uchungu umeshaondoka mdomoni.

"Nungu," alisema polepole, "Mangi huonja mafunda mangapi kaburini kabla hajasema kama ameipokea?"

"Moja tu. Ndiyo desturi."

Siku ya matanga ikafika. Mama Mkunde alipaka shubiri kidogo sana kwenye ukingo wa kibuyu, pale midomo inapogusa, akamkabidhi Nyati kwa mikono miwili.

Nyati alimwaga kidogo kaburini. Akanywa funda moja, gu. Machozi yakamlenga.

"Mama," alimwambia marehemu, "hii ndiyo pombe yako. Ina msesewa wake. Naipokea."

"Imepokelewa," waliitikia wazee.

"Nipe mtoto wangu, Mangi," alisema Mama Mkunde palepale.

Mkunde akaletwa, akapanda mgongoni kwa mama yake. Nyati akanywa funda la pili. Akanywa la tatu. Akalamba midomo.

"Mbona tamu? Huu ni uji! Nimedanganywa! Mrudisheni huyo mtoto!"

Ngiri, mkubwa wa wazee, alikohoa. "Umeshasema kaburini, Mangi. Unataka tumwambie marehemu kwamba ulimdanganya?"

Nyati alihema, akaparua ardhi kwa kwato, kisha akakaa. Neno la kaburini halirudishwi, na mbele ya watu wote wale angefanya nini?

Mama Mkunde hakurudi nyumbani, maana alijua hasira ya Nyati itamfuata huko. Alipanda kwenye majabali, mahali nyati hawezi kufika, na mabega ya mtoto yalikuwa vidonda vitupu.

"Mama," aliuliza Mkunde, "tutapika tena mbege?"

"Kwa mti gani, mwanangu?"

Wakatazama chini, na kule ua wa Nyati ulionekana wote, mrefu, mkavu.

Mimi nimefika mwisho, na funzo ni hili: anayekata mti wa watu wote asishangae siku akipewa uchungu wa kupakwa.