Sakafu Mpya, Udongo Ule Ule

Sakafu mpya, udongo ule ule. Mmeusikia msemo huu leo mkutanoni, mmerudi mnacheka, na sasa mnaniuliza mimi bibi yenu umetoka wapi. Mnasema mwenyekiti mpya wa kamati ya maji alipomaliza hotuba yake ndefu ya shukrani, mama mmoja wa benchi la nyuma aliutamka taratibu, wazee wakainamisha vichwa, na mwenyekiti akakunja karatasi yake akaketi. Kaeni basi, vuteni hilo gunia mnisaidie kumenya viazi. Msemo huu haukuletwa na wahenga wa kale. Umri wake ni mdogo kuliko wa paa la jiko hili, na ulipozaliwa nilikuwepo.

Ulianza hivi.

Jirani yangu Leonia alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Baltazari, aliingia katika biashara ya mbao na akafanikiwa. Mdogo, Gaudensi, alibaki hapa kulima viazi na akaoa binti mmoja mpole anayeitwa Desideria. Baltazari alipojiona amepata, akaamua kumjengea mama yake nyumba ya tofali za kuchoma yenye sakafu ya saruji. Hilo lilikuwa jambo jema na simnyimi sifa yake.

Desturi yetu mnaijua. Tofali tunazichimba hapo hapo kiwanjani, maana nani abebe udongo apande nao mlima? Shimo linaachwa nyuma, linapandwa maboga au mianzi, na kila mtu anajua kwamba hapo hapajengwi. Udongo wetu wa mfinyanzi mnaujua pia. Masika unavimba kama unga uliotiwa hamira, kiangazi unanywea na kupasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Ule uliolala mahali pake tangu enzi una nafuu. Ule uliofukuliwa ukarudishwa shimoni hauna adabu kabisa.

Sasa Baltazari alitaka nyumba iangalie barabara kuu, wapitao waione. Alipokuja na kamba za kupimia aliigeuza nyumba nzima, na kona ya nyuma ikaangukia juu ya shimo la tofali. Leonia alimwambia kwamba pale ni shimoni. Akajibiwa kwamba yeye apumzike, mambo ya ujenzi awaachie wenyewe. Shimo likajazwa kwa chochote kilichokuwa karibu: udongo ule ule, majivu ya tanuru, vipande vya tofali zilizoharibika, hata magunzi ya mahindi. Wanaume wa kijiji hiki wakalikanyaga kwa miguu huku wakinywa ulanzi, wakasema limeshiba. Juu yake ikamwagwa zege, ikapigwa niru, ule uji wa saruji unaong'aa mpaka unaona uso wako, na chumba kile cha kona wakapewa Gaudensi na mkewe.

Gaudensi hakukikalia sana. Aliangukiwa na mti akiwa porini katika kazi ya kupasua mbao za kaka yake, akamwachia Desideria mtoto mchanga, Fidea. Masika ya kwanza baada ya msiba, sakafu ya chumba cha mjane ikapasuka kutoka kona ya ukuta hadi mlangoni.

Baltazari alikuja, akasimama juu ya ufa mikono mfukoni, akatafuta wa kumlaumu. Hakwenda mbali. Pale pembeni palikuwa na jiko la mkaa ambalo Desideria alikuwa akiota na mtoto jioni, dirisha wazi, kama tunavyofanya sote. Akasema ni jiko hilo, joto lake linapasua saruji. Akaagiza ufa uzibwe kwa niru, na kuanzia siku hiyo mjane asiwashe moto chumbani.

Ninyi mnajua baridi yetu ya Juni. Mnajua sakitu, ule umande unaoganda ukalala mweupe juu ya majani kama chumvi. Katika baridi hiyo mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa alilala juu ya saruji isiyo na moto. Alikohoa mwezi mzima mpaka mbavu zikawa zinahesabika. Nilikuwa nampelekea mama yake maji ya moto kwenye dumu, alizungushie nguo amfunge nalo mtoto. Nikikumbuka dumu lile nakasirika mpaka leo, na wala sitaki kutulia.

Masika yakarudi, na ufa ukarudi pale pale, mpana zaidi. Safari hii jiko halikuwepo, kwa hiyo ikasemwa kwamba Desideria anamwaga maji ovyo anapomwogesha mtoto. Baltazari akamleta fundi Aloisi, sakafu yote ya chumba ikavunjwa, zege jipya likamwagwa, tena Juni, kwa sababu ndipo tajiri alipokuwa na nafasi. Halikufunikwa hata kwa nyasi. Sakitu ikalipiga lingali bichi, na uso wake ukawa unapukutika kama unga wa muhogo. Masika yaliyofuata likapasuka, na upande mmoja ukainuka hata mlango ukawa haufungiki.

Hapo ndipo uovu ulipokomaa. Baltazari hakusema tena jiko, wala maji. Alisema nyumba inamkataa mwanamke huyu. Alisema ndugu yake alikufa mapema, sasa sakafu haitulii chini ya miguu ya mjane wake, na mwenye macho aone. Akaitisha kikao cha ukoo ili Desideria arudishwe kwao kabla sakafu ya tatu haijamwagwa, na mtoto abaki, maana mtoto ni wa ukoo.

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika, na wazee walikuwepo, tena kwenye viti vya mbele. Nusu yao walikuwa wamelikanyaga shimo lile kwa miguu yao wenyewe. Aloisi alikuwa ameivunja sakafu mara mbili akaona unyevu unavyopanda, akanyamaza kwa sababu tajiri hapingwi. Na Baltazari alijua kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeshika kamba. Kwake ilikuwa aibu zaidi kusema "nilijenga juu ya shimo" kuliko kumfukuza mke wa marehemu ndugu yake.

Basi kikao kilikaa uani asubuhi. Vipande vya sakafu iliyovunjwa vilikuwa vimerundikwa karibu na mlango. Baba mdogo wa Baltazari, mzee Kolumba, ndiye aliyeongoza. Desideria alikaa chini kwenye mkeka, Fidea mapajani, na kando yake furushi la nguo alilokuwa ameambiwa alifunge tayari. Watu walizungumza kwa upole sana, ule upole wa kumchinja kuku. Walimsifu kwa heshima yake, wakasema hawana ugomvi naye, wakamwambia nyumba yenyewe ndiyo iliyoamua.

Leonia hakuwa ameketi na wenzake. Alitoka nyuma ya nyumba na jembe begani, akapita katikati ya kikao bila kusalimia mtu, akaingia chumba cha kona ambacho sasa kilikuwa udongo mtupu. Tukasikia jembe linapiga. Baltazari akamfuata, na sisi tukajazana mlangoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Natafuta kinachomkataa mkwe wangu."

"Acha, Mama. Utajiumiza. Fundi yupo."

"Fundi yupo tangu mwanzo," akasema Leonia, na akaendelea kupiga.

Hakuchimba sana. Jembe lilizama kama linaingia kwenye ugali wa moto, na alipolinyanyua maji meusi yakajikusanya chini yake. Akaingiza mkono akatoa kipande cha tofali, akakiweka miguuni pa mwanawe. Akatoa magunzi yaliyooza, akayaweka juu yake. Akatoa majivu yaliyolowa, mkono mzima.

"Haya, Balta," akasema. "Hili ndilo lililokula saruji yako. Siyo jiko, siyo maji ya kumwogesha mtoto. Nilikwambia hapa ni shimoni, ukaniambia nipumzike. Sasa unataka kumwaga sakafu ya tatu na kumtupa nje mama wa mjukuu wangu. Unaleta sakafu mpya, na udongo ni ule ule."

Nitawaeleza walichofanya wanaume wa ukoo na fundi wao baada ya hapo, kwa kuwa kazi ile ilifanywa vizuri na haki lazima isemwe. Walichimba kona nzima mpaka wakafika kwenye udongo mgumu mwekundu ambao jembe likiupiga linadunda. Wakajaza mawe, wakaweka moramu, ule udongo wa changarawe, kidogo kidogo, na kila tabaka likashindiliwa kwa gogo kabla ya lingine. Bati likawekewa mfereji wa kupeleka maji mbali na ukuta. Wakangoja baridi ipite, wakamwaga zege, wakalifunika kwa nyasi na kulimwagia maji kila asubuhi. Sakafu ile ipo mpaka leo na haina hata ufa wa unywele.

Desideria akalifungua furushi. Baltazari akaomba radhi mbele za watu. Alileta kitenge na beberu, akatoa hotuba tamu, akamwita dada, akasema kosa lilikuwa la mafundi. Sikilizeni hapo, wajukuu zangu. Lilikuwa la mafundi. Watu wakapiga makofi, nyama ikaliwa, na wazee wale wale waliokaa kimya wakamwambia mjane kwamba sasa mambo yamekwisha.

Yalikwisha kwa muda mfupi tu. Masika yaliyofuata ukungu uliingia katika viazi. Uliingia mlima mzima, kwangu uliozesha hata mbegu. Lakini Baltazari alipoona shamba la mama yake limekuwa jeusi, akaja na uso ule ule. Akasema tangu ndugu yake afe shamba hili halijakaa sawa. Akasema hamtaji mtu, ila ukoo ukae tena, watazame nani yupo hapa tangu mikosi ianze.

Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo walikaa ndani, katika chumba kile kile cha kona, juu ya sakafu ile nzuri. Viti vilikuwa vile vile na wazee wale wale. Nami nilikaa karibu na mlango. Baltazari alianza na ule upole wake, akaeleza kwamba hakuna anayemlaumu shemeji, wanatafuta amani tu. Desideria alimwacha amalize. Kisha akasimama, na mwanamke yule ambaye tulizoea kumsikia akisema "ndiyo" na "asante" tu, akapiga sakafu kwa kisigino. Ilitoa mlio mzito wa kitu kilichoshiba.

"Shemeji Baltazari," akasema, "hii mliichimba mpaka mkafika pagumu, ndiyo maana imesimama. Mimi hamkunichimbia. Mlinimwagia hotuba juu, mkanipiga niru kwa kitenge na beberu, na chini mkaacha yale yale mliyokuwa nayo mlipomnyima mwanangu moto. Sijaja kushangaa kwamba imepasuka." Akamtazama kila mmoja kwa zamu, hakuharakisha. "Kwangu mmeweka sakafu mpya, udongo ule ule."

Mzee Kolumba akachukua koti lake, akasimama, akasema kikao hiki hakikupaswa kuitwa na yeye hakupaswa kukikalia. Akatoka mvuani. Mwingine akamfuata, na mwingine, mpaka viti vikabaki vitupu na Baltazari amekaa peke yake katikati ya chumba. Leonia akamwambia mwanawe kwamba nyumba alimjengea yeye, na ikiwa ni yake kweli basi anampa Desideria na Fidea, na mwenye neno aje alisemee shimoni. Desideria akamwomba Baltazari ainue miguu kidogo, maana alitaka kufagia.

Ndivyo msemo ulivyotoka katika chumba kile ukaanza kutembea. Mlevi akiapa kuacha pombe huku amekaa na wenzake wa kilabuni, anaambiwa. Mume akimnunulia mkewe khanga kesho yake baada ya kumpiga, anaambiwa. Na mimi nasema uendelee kutembea, kwa sababu watu wa kijiji hiki ni wepesi mno wa kupiga makofi mtu akimwaga maneno laini, na wavivu mno wa kushika jembe wakaangalia kilicho chini.

Sasa nawauliza mimi. Huyo mama wa benchi la nyuma alikuwa na koti la kijivu, na binti mrefu ameketi pembeni yake? Nilijua. Huyo binti ni Fidea, na mbavu zake siku hizi hazihesabiki. Na mwenyekiti wenu mpya wa kamati ya maji, aliyekuwa makamu katika kamati ya zamani, yule aliyeeleza kwamba mabomba kukauka miaka yote hii lilikuwa kosa la mafundi, mmesema anaitwa nani vile?

Mbona visu vimesimama? Menyeni viazi. Mlicheka mkutanoni bila kujua mnacheka nini, sasa mmejua. Sakafu mpya, udongo ule ule.