Dodoso la Vumbi la Gisozi

Vumbi la mbao la mtaa wa Gisozi halina adabu. Huingia puani bila hodi, likatulia kifuani kama mpangaji asiyefukuzika. Daphrose alilijua fika. Miaka tisa alikuwa akipiga msasa makabati katika karakana ya Mugenzi, na sasa kupanda kilima cha kwenda kwake kulimfanya aheme kama mvukuto uliotoboka.

Siku hiyo mafundi walikusanywa kusomewa matokeo ya utafiti. Shirika moja lilikuwa na mashine za kufyonza vumbi, na dodoso ndilo lingeamua ziende wapi. Trinah, mtafiti aliyekulia Bukoba, alisimama na karatasi zake.

"Tumehoji mafundi mia nne kwa siku tatu," alisema kwa fahari. "Asilimia tisini na sita wamesema vumbi haliwasumbui. Kwa hiyo mashine zitakwenda kwa mafundi wa Gikondo."

Mugenzi, aliyewaogopa wakaguzi wa afya kuliko Shetani, alipiga makofi peke yake. Daphrose akainuka, damu ikimtokota.

"Dada, hao tisini na sita umewatoa wapi? Makaburini?"

Watu wakaangua kicheko. Trinah akakunja uso. "Mama, hata wewe nilikuuliza. Ulijibu *nta kibazo*, hakuna shida."

"Uliniuliza wapi? Mbele ya Mugenzi, kaegemea mlango, kanikodolea macho! Na hapa kwetu mgeni akikuuliza hali, hata kama unakata roho, unamjibu ni salama. Wewe ukaandika salamu, ukaziita sayansi!"

"Lakini mia nne ni wengi, Mama."

"Mia nne waliotishwa ni uongo mmoja uliorudiwa mara mia nne! Karatasi yako ina mbio, sikatai. Imefika kila mlango. Ndani haikuingia. Kesho njoo upige msasa na mimi."

Trinah alikuja, mashavu yamemvimba kwa hasira. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa mekundu kama pilipili na kikohozi kilimkunja kama kisu cha kukunjwa. Mugenzi akapita, akasimama mlangoni.

"Mtafiti, iko salama?"

"Nta ki..." Trinah alianza, kisha akashtuka. Neno lilikuwa limemtoka lenyewe, kwa adabu na kwa woga! Hasira aliyomletea Daphrose ikamgeukia mwenyewe.

"Si salama hata kidogo!" alifoka. "Na ripoti ile naiondoa leo."

Dodoso hakulitupa. Aliwarudia watu walewale na maswali yaleyale, safari hii majumbani kwao, bila majina, bila Mugenzi wala mwenye karakana yeyote. Asilimia sabini na moja walisema wanakohoa. Mashine zikaja Gisozi, na Mugenzi akazipokea kama anayepokea maiti.

Trinah alimwendea Daphrose kuomba radhi.

"Radhi nimekupa," Daphrose alimjibu, bado kafura. "Ila ungeanza kutuuliza majumbani, dada, kifua changu kisingengoja mpaka nikasirike ndipo kisikilizwe."

Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.